Nani Atakuvutia Kamba?

Jumamosi iliyopita nilipewa nafasi niongee na vijana kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Fort Worth, Texas. Wengi walikuwa kazini hawakufika, wameniomba niandike. Nimeandika vile vile nilivyoongea.

Shikamooni wazee wangu, mama zetu shikamooni. Vijana mambo vipi. Wenzetu wa Kongo jambo yenu, naona leo mmetuzidi, nafurahi sana, maana miaka 12 iliyopita nilipofika mji huu ukisikia mtu anaongea Kiswahili dukani unamfuata mpaka kwenye gari lake umuulize katoka wapi.

Nimeambiwa niongee kuhusu kufika nchi ya watu na kushindana huko. Nimeamua niongee kuhusu makauboi. Ndio, makauboi, wa rodeo, yale mashindano yao ya kupanda na kukamata wanyama. Najua wengine mnajiuliza inatuhusu nini sisi watu wa Kigoma na Uvira na Kakamega, naomba mnivumilie kidogo mtaona.

Mimi mnanijua, naendesha lori, nabeba marobota ya nyasi kavu napeleka kwa wafugaji huku kaskazini, Decatur na vijiji vyake. Nimekulia Shinyanga nikichunga ng'ombe za baba, kwahiyo nikifika kwa mtu mwenye ng'ombe siwezi kushusha mzigo nikaondoka tu, lazima niende zizini nitazame. Hivyo ndivyo nilivyojuana na hawa watu nitakaowaelezea.

Kwanza nianze na kitu kilichopo hapa hapa mjini. Nani amewahi kwenda Stockyards, ule mtaa wa soko la zamani la ng'ombe? Mikono juu. Haya, nani amesimama mbele ya ile sanamu ya mtu aliyemkamata ng'ombe pembe, pale nje ya Cowtown Coliseum? Mnaona, watatu tu. Ile nyumba ilijengwa 1908, na 1918 ndio wakafanya rodeo ndani yake, wanasema ndio rodeo ya kwanza duniani kufanyika ndani ya jengo. Na yule mtu wa shaba pale nje ni mweusi. Anaitwa Bill Pickett, alizaliwa hapa hapa Texas Desemba 1870, wazazi wake walitoka utumwani. Ule mchezo wa kuruka kutoka kwenye farasi anayekimbia, unamdaka ng'ombe pembe, unamzungusha shingo mpaka analala chini, ni yeye aliyeuanzisha. Yeye alikuwa anamng'ata ng'ombe mdomo wa juu kwa meno, alijifunza kwa kutazama mbwa wanavyowashika ng'ombe.

Huyu mzee alisafiri. Desemba 1908 walimpeleka Mexico City, tajiri wake akaweka dau kwamba Pickett anaweza kumng'ang'ania fahali wa mapigano wa kule. Na kweli akamng'ang'ania, dakika zinapita, watu wa uwanjani wakakasirika kuona mchezo wao unachezewa na mgeni wakaanza kumrushia chupa, akaumia mbavu. 1914 wakampeleka London na shoo ya 101 Ranch, mfalme George wa Tano akamtazama. Vita kuu ikalipuka Agosti, serikali ya Uingereza ikachukua farasi wao wengi kwa ajili ya jeshi, makauboi wakabaki kule wanatafuta namna ya kurudi nyumbani. Fikiria kauboi London bila farasi.

Lakini linaloniuma zaidi kuhusu Pickett halikutokea London, lilitokea hapa hapa kwao. Mashindano mengi walimkataa kwa sababu ya rangi yake, mara nyingine wakawa wanamtangaza kama Mhindi mwekundu au Mmeksiko ndio aruhusiwe kuingia. Yaani mtu aliyeanzisha mchezo hawezi kuingia kwenye mchezo kwa jina lake. Alikufa 1932, farasi alimpiga teke. Jumba la heshima la ProRodeo, la rodeo za kulipwa, lilimuingiza 1989, miaka 57 baadaye. Nikisimama pale kwenye sanamu nawaza, huyu alikuwa na nguvu, alikuwa na ujuzi, alikuwa na meno ya chuma, alichokosa ni mtu wa ndani wa kusema huyu ni wetu mpeni nafasi.

Sasa tuje kwa wenyewe ninaotaka kuwasema.

Rodeo ina michezo mingi. Kuna wa kufunga ndama kwa kamba, kuna wa kupanda farasi mkali, kuna ule wa Pickett, kuna wa kupanda fahali. Sasa mtu wa kufunga ndama anahitaji farasi wake aliyemfundisha miaka, na farasi si mzigo wa kupakia kwenye ndege hivi hivi, gharama yake usiulize. Ila mpanda fahali, fahali anamkuta huko huko aendako, kazi yake yote inaenea kwenye begi moja. Kwahiyo ukitazama wageni wanaotoka ng'ambo kuja kushindana Marekani wengi wao ni wapanda fahali. Ni mchezo wa mtu mwenye begi moja. Na hapa ndani najua wengi tulikuja na begi moja.

Hilo begi nimelifunguliwa mbele yangu nikaoneshwa kitu kimoja kimoja. Kuna glavu moja, ya mkono wa kushikia tu, mkono wa pili hauna glavu kwa sababu huo unakaa hewani na ukimgusa fahali nao umepoteza. Kuna vichuma vya kisigino. Kuna vesti nene ya kukinga kifua, hiyo ilikuja baada ya Lane Frost, bingwa mkubwa, kufa uwanjani Cheyenne mwezi wa saba 1989, fahali alimpiga pembe mgongoni mbavu zikavunjika zikachoma ndani, ndipo rafiki yake Cody Lambert akatengeneza vesti. Kuna helmeti. Kuna donge la ulimbo mkavu wa msonobari limefungwa kwenye kitambaa. Na kuna kamba.

Kamba ndio kila kitu. Imesukwa bapa, ina mahali pa kushika pamesukwa pagumu kama mpini, na chini ina kengele ile ya ng'ombe kama zetu za kule nyumbani. Nilipoiona ile kengele niliishika muda mrefu. Kengele kazi yake ni uzito, mtu akiachia mkono kengele inaivuta kamba idondoke, fahali abaki huru. Kamba haifungwi fundo popote kwa fahali. Inapita kifuani kwake nyuma ya miguu ya mbele, ncha moja ina kitanzi, ncha nyingine inapita kwenye kitanzi inavutwa mpaka ikaze, halafu mpandaji anaizungushia kwenye kiganja anafunga ngumi. Basi. Kinachomshikilia mtu kwenye mnyama wa kilo 700, 800, wengine 900, ni ngumi yake mwenyewe na ulimbo.

Sasa sikilizeni hapa maana hapa ndio kiini cha niliyokuja kusema. Ile kamba hujivutii mwenyewe. Huwezi. Umekaa juu ya fahali ndani ya kizimba chembamba, magoti yako yanagusa vyuma kulia na kushoto, mkono mmoja uko ndani ya mpini, na kukaza kamba kunahitaji mtu asimame juu ya vyuma ainame aivute kwa nguvu zake zote wakati wewe unasema bado, vuta, bado, hapo hapo. Na anayekuvutia ni nani? Ni mpandaji mwenzako. Mtu ambaye dakika kumi baadaye anapanda wa kwake akitafuta pesa ile ile unayoitafuta wewe. Akivuta legelege unaanguka, yeye anapanda nafasi. Na bado anavuta kama anajivutia mwenyewe, na wewe ukimaliza unakimbia kwenda kumvutia yeye.

Sisi tunasema mwamba ngoma huvutia kwake. Nimekua nikilisikia hilo neno na nikaliamini, tena katika maisha ya ugenini nimeliona kwa macho, mtu anajua wapi wanaajiri hakwambii. Kumbe kuna watu wanashindana kufa na kupona na kamba wanavutiana.

Nilichokiona mwaka juzi nakisimulia kama kilivyokuwa. Nimepeleka nyasi kwa mzee mmoja mwenye uwanja wa mazoezi njia ya kwenda Decatur, ni jioni taa zimeshawashwa, vijana wa Brazil wapo kama saba na Wamarekani watatu wanne. Pale Decatur Wabrazili wapanda fahali wamejaa miaka mingi sasa, wanakaa huko kwa sababu wa kwanza walikaa huko, kama sisi tulivyojazana kwenye apatimenti zile zile mbili tatu. Kulikuwa na kijana mmoja mgeni kabisa, ana wiki moja tu tangu ashuke ndege, viza yake ile ya wanamichezo P-1, Kiingereza hana hata salamu. Akapanda kizimbani. Anaipasha kamba moto, wanaisugua kwa glavu juu chini juu chini mpaka ulimbo unalainika na unanuka kama msitu umeungua, nilikuwa nimesimama karibu nikausikia.

Mmarekani mmoja, kijana mwema kabisa, akaruka juu ya vyuma kumsaidia kuvuta. Tatizo kamba ya Kibrazili inavutwa kutoka upande wa pili, siyo kama ya Kimarekani, kwahiyo Mmarekani akashika akawa anashangaa anaivuta kinyume, kijana anaongea Kireno, Mmarekani anaongea Kiingereza, fahali chini anaanza kujigonga kwenye vyuma. Mmarekani akamuuliza kwa Kiingereza, uko sawa? Na yule kijana kwa adabu ya mgeni akatikisa kichwa kukubali.

Kwenye rodeo ukitikisa kichwa maana yake fungua mlango. Ndio lugha yenyewe, hakuna neno lingine. Mlango ukafunguliwa.

Kamba ilikuwa haijakaza. Fahali alitoka akaruka mara moja akageuka kushoto na yule kijana akaenda kulia, akaanguka kwa bega, fahali akarudi juu yake, wale jamaa wawili wa kumvuruga fahali wakaingia katikati wakampiga piga kichwani mpaka akawafuata wao. Haikuchukua sekunde tatu. Kijana alinyanyuka mwenyewe ameshika bega, na uso wake, jamani, ule uso naujua. Ni uso wa mtu ambaye hajashindwa kazi, ameshindwa kuelewana.

Kuna Mbrazili mtu mzima, alikuwa upande wa pili wa uwanja anafunga begi lake aondoke, amestaafu kupanda. Alikuja anakimbia. Hakumlaumu Mmarekani wala hakumlaumu kijana. Alimshika kichwa yule kijana kwa mikono miwili, hivi, akakishikilia kisitikisike, akamwambia maneno. Baadaye nikamuuliza umemwambia nini, akasema nimemwambia humo ndani kichwa chako ni funguo, usimpe mtu mpaka uwe tayari. Halafu akampandisha kwa fahali wa pili, akapanda mwenyewe juu ya vyuma, akavuta kamba kwa upande wake unaotakiwa, na alivyovuta nilisikia ngozi inalia. Kijana akakaa, akapumua, akatikisa kichwa. Alifika sekunde 8, ule muda ambao mpandaji lazima akae juu ndio apate alama.

Mimi pale nilikaa kwenye lori nusu saa sijawasha injini. Kwa sababu nilikumbuka mwezi wangu wa kwanza hapa, niko ofisini kukodi chumba, dada ananielezea mkataba kwa haraka kurasa kumi na nne na mimi kila akisimama nilikuwa natikisa kichwa. Natikisa kichwa kwa heshima, nisionekane mjinga. Nikasaini. Kumbe nimesaini kulipa vitu ambavyo nimevilipa mwaka mzima na sikuvitumia hata siku moja. Na wangapi humu ndani mmetikisa kichwa hospitali, mmetikisa kichwa shuleni kwa mwalimu wa mtoto, mmetikisa kichwa mahakamani. Mlango unafunguliwa na kamba haijakaza.

Haya. Tuwaongelee hawa Wabrazili walifikaje hapa, maana historia yao ni nzuri.

Huko kwao kuna mji unaitwa Barretos, jimbo la São Paulo, mji wa wachunga ng'ombe waliokuwa wanaswaga makundi makubwa kupeleka machinjioni. Tangu 1956 wanafanya sherehe ya rodeo kila Agosti, uwanja wao wa sasa umechorwa na Oscar Niemeyer, yule yule aliyechora majumba ya Brasília. Kwahiyo hawa siyo watu waliokuja kujifunza ukauboi Texas, wanao wa kwao. Kaka yangu wa Pemba pale nyuma ananitazama najua anataka kusema nini, ndio, na Pemba kuna mchezo wa ng'ombe na wazee wanasema ni masalia ya Mreno. Yule Mbrazili mtu mzima wa Decatur, siku hizi ni rafiki yangu, nilivyomwambia kwamba sisi tunasema meza, bendera, leso, parafujo, na yote yametoka kwao, alicheka akapiga meza kwa kofi, akasema basi sisi ni jamaa, njoo ule.

Sasa 1992 huku Marekani wapanda fahali 20 walikutana kwenye chumba cha hoteli Arizona, kila mmoja akatoa dola 1,000, wakaanzisha chama chao PBR, kwa sababu waliona watu wanalipa viingilio kuja kuwatazama wao na wao wanabaki na makombo. Bingwa wa kwanza wa dunia wa hicho chama, 1994, hakuwa mmoja wa hao 20. Alikuwa mgeni, Adriano Moraes kutoka Brazil, umri miaka 24. Mwaka huo huo kwenye fainali za taifa za rodeo Las Vegas alipewa mafahali kumi siku kumi akawapanda wote kumi. Watu waliowahi kufanya hivyo unawahesabu kwa vidole na havijai mkono.

Akashinda tena 2001. Akashinda tena 2006 akiwa na miaka 36, umri ambao wengi wameshaacha zamani na magoti yameshakwisha, safari hiyo na bonasi ya dola milioni moja. Mtu wa kwanza kuchukua ubingwa huo mara tatu.

Na nyuma yake wakaja. Ednei Caminhas 2002, Guilherme Marchi 2008, Renato Nunes 2010, Silvano Alves 2011 na 2012 na 2014, Kaique Pacheco 2018, José Vitor Leme 2020 na 2021, Rafael José de Brito 2023, Cassio Dias 2024. Hesabuni na Moraes, mpaka 2024 ni mara 14 kati ya misimu 31. Nchi ambayo mtoto anapanda ndege mara mbili tatu ndio afike, na wanachukua karibu nusu ya mataji ndani ya nchi yenye mchezo. Na siyo wao peke yao wageni, 1998 alichukua Troy Dunn wa Australia.

Leme nataka nimuongelee kidogo kwa sababu ya vijana wa mpira hapa. Leme anatoka mji mdogo Ribas do Rio Pardo, na alikuwa mchezaji mpira, mpira wa miguu huu huu wetu. Mtazameni anavyopanda, nyonga zake na miguu ni ya mtu wa mpira kabisa, anacheza na mzunguko wa fahali hapingani nao. 2017 alikuja mara ya kwanza, kaja kwenye fainali za dunia moja kwa moja, hajazoea kitu, hali ya hewa ngeni, chakula kigeni, akashinda zile fainali na akapewa tuzo ya mgeni bora wa mwaka. Na 2021 Las Vegas alikutana na Woopaa, fahali bingwa wa mwaka huo. Alama zinahesabiwa hivi, nusu za mpandaji nusu za fahali, jumla 100, fahali akiwa mpole hata ukikaa vizuri vipi hupati kitu, kwahiyo ukitaka alama kubwa lazima umpande mbaya zaidi. Leme alimpanda Woopaa alama 98.75. Haijawahi kutokea alama kubwa kama hiyo kwenye PBR mpaka siku ile.

Ukimsikia mtu anasema ni kipaji, sawa ni kipaji, sikatai. Ila mimi nimekaa na hawa watu nikaona kitu kingine. Siku ya mashindano mpandaji akishajua amepangiwa fahali gani, cha kwanza anatafuta mtu aliyewahi kumpanda huyo fahali. Na mtu huyo, mshindani wake, anamwambia kila kitu. Huyu anatoka anaruka mara mbili mbele halafu anazunguka kushoto. Huyu ukianguka usikimbilie upande wa mlango anakungoja pale. Mgeni asiyejua lugha hawezi kuuliza na hawezi kuelewa akijibiwa, anaingia gizani. Sasa Wabrazili kwa kuwa wanakaa pamoja, wale wa zamani wanawabebea wageni hizo habari kwa Kireno, jioni mezani, wanaoneshana video kwenye simu wanasimamisha wanarudisha. Sisi tunasema mafahali wawili hawakai zizi moja, na hawa wanakaa sita nyumba moja ya vyumba vitatu, wote wanataka bizimu moja ya dhahabu, ile ya mkanda anayopewa bingwa.

Na msidhani wanalipwa mshahara wakifika. Mtu anayeanza analipa kiingilio mwenyewe, analipa mafuta mwenyewe, Ijumaa yuko Oklahoma, Jumamosi Arkansas, wanabanana wanne kwenye pikapu wanapokezana usukani usiku kucha, akianguka kabla ya sekunde 8 hapati kitu, sifuri, amerudi na deni. Siku hizi kuna ligi ya timu, ilianza 2022, hata Fort Worth tuna timu yetu Texas Rattlers, huko kuna mikataba, ila kuufikia mkataba huo ni safari.

Na kuna kufa. Siwezi kuongea na vijana nikaficha. Agosti 2021 huko Fresno, California, kijana Mbrazili wa miaka 22 alikufa baada ya fahali kumkanyaga kifuani, na vesti alikuwa nayo. Rafiki yangu wa Decatur hilo hakulisimulia, mke wake ndiye alinisimulia, akasema usiku ule hakuna nyumba ya Kibrazili pale mjini iliyozima taa. Simu zilikuwa zinaita Brazil mpaka asubuhi, mama wa kila kijana alitaka kusikia sauti ya mwanawe. Mama zetu mlioko hapa mnajua simu hiyo.

Nilimuuliza yule rafiki yangu swali moja, kwa nini wewe umestaafu, magoti yako mabovu, bado unaenda kule uwanjani kila jioni kuvutia kamba watoto wa watu ambao hata pesa hawakupi. Alifikiria. Akasema siku yangu ya kwanza Texas nilipanda kizimbani, nikatazama juu kutafuta nani atavuta, nikamwona mtu ananitazama ana sura ya kwetu. Hajaniambia jina. Alivuta. Akasema mpaka leo nikilala ile sura naiona kwanza kabla ya fahali.

Basi na mimi sitawachosha zaidi. Jumamosi ijayo saa nne asubuhi tunakutana Stockyards, pale pale kwenye sanamu ya Pickett, leteni watoto, leteni maji na kofia jua ni kali. Yule rafiki yangu atakuja na kamba yake, amekubali watoto waishike, na atawaonesha jinsi inavyovutwa. Uwanja ule wanapanda fahali Jumamosi nyingi, tukipata tiketi za bei nzuri tutaingia.

La pili. Jumanne kuna familia imefika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, baba, mama, watoto watano, wako apatimenti zile za upande wa mashariki, wengi mnazijua. Baba ana karatasi za kazi za kusaini Jumatatu saa tatu asubuhi na Kiingereza hana. Mimi Jumatatu niko barabarani, niko Amarillo. Namtafuta mtu mmoja wa kwenda kukaa naye kwenye kile kiti, karatasi kwa karatasi, asitikise kichwa mpaka ameelewa. Mwenye nafasi anione hapa mlangoni kabla hatujala, nina namba ya chumba chao.